Miezi ya Kuchonga Bila Oda

Mwaliko haukuwa wangu. Ulikuwa wa mjomba, ndugu ya mama yangu, aliyenifundisha kuchonga. Kibanda chake cha Shauri Moyo ndicho kilichotupa riziki karibu wote tuliotoka milimani kwetu Ukambani kuja Nairobi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Asubuhi moja mwalimu wa sanaa kutoka chuo kikuu alifika kibandani, akapita katikati ya magogo na vumbi akiwa amevaa viatu vyeupe, akamweleza mjomba kwamba kaskazini mwa Ulaya kuna nyumba ambako wasanii wa nchi mbalimbali hualikwa kukaa kwa miezi kadhaa. Wanapewa pa kulala, wanalishwa, wanapewa mahali pa kufanyia kazi, na hawadaiwi chochote. Safari hii nyumba ile ilitaka mchongaji kutoka Afrika Mashariki, na yeye alikuwa ameombwa apendekeze mtu.

Mjomba alikuwa anachonga shingo ya twiga. Hakuiweka tezo chini.

"Wanataka nichonge nini?"

"Chochote unachotaka, mzee."

"Vingapi?"

"Hawakusema. Hata kimoja. Hata usipochonga kitu, hakuna neno."

Mjomba aliendelea kuchonga kidogo, vibanzi vikiruka mpaka kwenye vile viatu vyeupe. Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Mchukue huyu. Mimi nina kazi."

Ndivyo nilivyochaguliwa. Baadaye niliwasikia watu wakieleza kwamba nilionekana kuwa na kipaji cha pekee. Hakuna aliyekitazama kipaji changu siku ile. Nilikuwa nimekaa karibu.

Kibandani kila mstari ulikuwa na mnyama wake. Mjomba na wazee wenzake walichonga twiga. Waliokaa karibu na barabara walichonga vifaru na tembo, ambao kwa unene wao huvumilia makosa. Mimi nilikuwa mtu wa swala. Swala wangu alisimama akiwa amegeuza shingo nyuma kana kwamba amesikia kitu. Nilikuwa nimemchonga tangu ujana, kwa mti wa muhugu wenye harufu nzuri, nikimpiga msasa na kummalizia kwa polishi ya viatu ya kahawia mpaka akang'aa. Kila Ijumaa dalali aliyeyauzia maduka ya watalii mjini alikuja na gari lake, akachukua masanduku yaliyokuwa tayari, akatoa oda ya wiki iliyofuata. Hatukujiita wasanii. Tulijiita wachongaji, na siku ikiwa mbaya hatukujiita kitu.

Tulikaa Jericho, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili, katika nyumba ya vyumba viwili ya baraza la jiji. Mke wangu alikuwa karani katika kampuni ya malori huko Industrial Area, na kati yetu wawili ndiye aliyekuwa na mshahara wa kutegemewa. Nilimweleza habari ya nyumba ile nikitarajia acheke.

"Kwa hiyo unakwenda kukaa," alisema.

"Kukaa tu. Hawataki kitu."

"Basi nenda ukakae. Hapa umewahi kukaa lini?"

"Na watoto?"

"Watoto watakuwa hapa hapa. Baba Watoto, wewe wasiwasi wako ni watoto au ni huko?"

Jumamosi iliyofuata alikwenda Gikomba kwenye nguo za mitumba, akarudi na koti zito la sufu lililonifika magotini. Mjomba naye alikuja kuniaga. Alikunywa chai, akaniombea kwa Mungu, na alipofika mlangoni akageuka.

"Huko utamchongea nani?"

"Sijui, mjomba."

"Basi chukua tezo mbili," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa kiwanda cha jibini. Ilisimama peke yake katikati ya mashamba, ina kuta nene na madirisha makubwa, na kwenye vyumba vya chini harufu ya maziwa yaliyoganda ilikuwa bado haijatoka. Msimamizi wake alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alinipokea, akalipokea koti langu, akaiona lebo iliyokuwa ndani ya ukosi, akacheka. Koti lilikuwa limeshonwa katika mji uliokuwa karibu na pale. Alilining'iniza kwa uangalifu kuliko makoti mengine.

Kisha alinionyesha karakana yangu. Ilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu ya Jericho, ndani yake meza moja, taa, jiko la kuni, na magogo meupe yaliyopangwa ukutani. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha shule ya msingi anataka nifanye nini.

"Chochote," alisema. "Au usifanye kitu. Tembea. Lala."

Nilidhani ni mtihani. Mtu hawezi kukutoa Nairobi kwa ndege ili ulale. Kwa hiyo nilianza kazi siku iliyofuata kabla ya jua kuchomoza, nikachonga swala. Mti wao ulikuwa laini na hauna harufu, tezo ilizama haraka kuliko nilivyozoea, na pembe zilikuwa zikikatika, lakini niliuzoea. Nilipomaliza mmoja nilimweka dirishani nikaanza mwingine. Hatimaye dirisha lote lilijaa swala, wote wamegeuza shingo kutazama nyuma, yaani kunitazama mimi. Wenzangu waliokuwa katika nyumba ile walipita, wakawasifu, wakaniuliza nawang'arisha kwa kitu gani. Nilipowaambia ni polishi ya viatu walifurahi kuliko walivyowafurahia swala wenyewe.

Mmoja wao alikuwa mama wa makamo, mfumaji kutoka Ureno. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, na kwa sababu hiyo tulielewana vizuri. Hakuna aliyemwacha mwenzake nyuma. Alikuja jioni moja na kikombe cha kahawa, akamwinua swala mmoja, akampindua, akamtazama tumboni na kwenye kwato.

"Huyu, ulimwona wapi?" aliniuliza.

"Huyu ni swala."

"Ndiyo. Ulimwona wapi?"

Swala yule nilifundishwa na mjomba. Mjomba alifundishwa na mzee mwingine aliyeanza kuchonga tangu wakati wa wakoloni. Kwetu milimani kulikuwa kumelimwa kote, hakukuwa na mnyama wa mwituni zaidi ya fisi anayesikika usiku. Nilikuja Nairobi nikiwa kijana, na Eastlands wanyama ni mbuzi, mbwa na kuku wa jirani. Nilikuwa nimechonga swala miaka yote ile na sikuwahi kumwona swala aliye hai. Niliwaona wa mti tu.

"Sijamwona," nilisema.

Hakucheka. Alimrudisha dirishani mahali pale pale alipomtoa.

"Na nini umeona?" aliuliza, akaenda zake na kikombe chake.

Sikuchonga kitu kwa muda mrefu baada ya hapo. Asubuhi niliwasha jiko, nikakaa. Mchana nilitembea barabarani kati ya mashamba nikiwa nimevaa koti lililorudi kwao. Majani yalianguka, kisha miti ikabaki mifupa, kisha theluji ya kwanza ikaja ikayeyuka. Hakuna aliyeniuliza lolote. Nilikula chakula chao na kuona haya, maana tangu nianze kujitegemea sikuwahi kula mahali ambapo sikufanya kazi. Lakini siku nazo zilikuwa ndefu na tupu, na ndani ya utupu ule yalianza kunijia mambo ambayo Nairobi hayakuwahi kupata nafasi.

Lililokuja mara nyingi zaidi lilikuwa geti la kiwanda. Kabla mjomba hajaniingiza kibandani, nilikuwa nikienda Industrial Area kila asubuhi pamoja na vijana wengine kutafuta kibarua. Tulichuchumaa ukutani, migongo imegusa ukuta, mikono imelala juu ya magoti, tukingoja nyapara atoke amnyooshee mtu kidole. Mtu hawezi kusimama muda wote ule, na akikaa chini kabisa ataonekana amekata tamaa. Kwa hiyo unachuchumaa, kisigino kimoja kimeinuka kidogo, tayari kuruka ukiitwa. Jambo hilo nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nimelijua kwa magoti yangu mwenyewe.

Siku moja nilichuchumaa kwenye ukuta wa karakana nijikumbushe uzito unaanguka wapi. Yule mfumaji aliingia bila kubisha, akanikuta.

"Unaumwa tumbo?"

"Hapana. Nangoja kazi."

Ilinibidi nimweleze, kwa maneno machache niliyokuwa nayo, habari ya geti, nyapara na kidole. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka chini kikapu chake cha nyuzi, akaja akachuchumaa kando yangu, mgongo ukutani. Alikuwa mama mnene kidogo na hakudumu.

"Kisigino," alisema akijinyanyua kwa kushika meza. "Maumivu yako kwenye kisigino."

"Ndiyo. Ni kisigino."

Nilianza kazi siku hiyo hiyo. Gogo la kwanza liliniharibikia. Nilikuwa nimezoea mti unaokataa, unaokulazimisha uuombe. Huu ulikubali kila kitu, na kwa pigo moja niliondoa pua na nusu ya shavu. La pili lilipasuka lilipokauka karibu na jiko. Mzee aliyetunza bustani ya nyumba alipoona napanga vipande vile pamoja na kuni, alinipeleka nyuma ya ghala akanionyesha mti wa tufaha aliokuwa ameukata mwaka uliotangulia. Ulikuwa mzito na mgumu, wenye wekundu ndani. Nilipoupiga tezo kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ninayoijua.

Mtu yule wa getini alinichukua muda wote uliobaki. Sikuwa na mfano wa kuiga. Nilipokosea sikuwa na mjomba wa kuniambia umekosea wapi. Nililazimika kuchuchumaa tena, kujishika goti, kutazama shavu la mguu wangu kwenye kioo cha dirisha. Uso ulinishinda. Nilijaribu kumpa huzuni akawa kama anayelia, nikaiondoa, akabaki hana kitu. Miguu ilitoka vizuri. Kando yake nilichonga pia mama anayefua nguo kwenye karo, mdogo, wa haraka, na mkono wa mtu anayenyoosha kidole. Ule mkono sikuupenda, nikauchoma jikoni.

Karibu na mwisho walifungua milango ili wanakijiji waje waone. Walikuja na watoto wao na mabuti yenye theluji, wakanywa chai, wakatazama kazi za kila mtu kwa heshima. Mkulima mmoja mzee alisimama mbele ya yule mtu wa mti wa tufaha akakaa pale muda mrefu, kofia mkononi. Mwishowe alisema kitu, na msimamizi akanitafsiria.

"Anauliza, huyu anangoja nini?"

"Kazi," nilisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo. Akauliza tena.

"Anauliza, alipata?"

Nilisema sijui. Mkulima aliivaa kofia yake akatoka. Msimamizi alitaka kuniomba radhi kwa ajili yake nikamwambia hakuna haja. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu kuulizwa kuhusu kilichompata yule niliyemchonga, si bei wala ukubwa wake.

Swala wote niliwaacha pale dirishani, na mama wa karo nikampa yule mfumaji. Mtu wa getini nilirudi naye, amefungwa ndani ya koti.

Majirani wa Jericho waliniita Mzungu kwa muda, vijana waliokaa kwenye ukuta wa duka wakaniamkia "Niaje, Mzungu" kila nikipita, kisha wakasahau. Kibandani nilimtoa mtu wangu nikamweka mbele ya mjomba. Alivaa miwani. Alimgeuza pande zote, akamlaza, akamsimamisha, akapitisha kidole gumba kwenye uti wa mgongo.

"Miguu umeiweza," alisema. "Uso umeuharibu."

"Najua."

"Nani alimwagiza?"

"Hakuna."

"Miezi yote ile, kimoja hiki?"

"Na swala. Na mama mmoja."

Alimtazama tena. "Mti gani huu?"

"Wa tufaha."

"Mti mzuri," alisema, akanirudishia.

Dalali alipokuja Ijumaa nilimwonyesha. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kuniudhi. Alieleza kwamba mgeni akija Kenya anataka simba, twiga, labda Mmasai mwenye mkuki. Mtu asiye na kazi hataki, maana hao anao kwao. Kisha akanipa oda ya swala.

Nikarudi kwenye swala. Karo ya shule na chakula havingoji. Lakini kila nilipofika kichwani mkono ulisita. Nilikuwa sasa najua kwamba sijui masikio ya swala yanaanzia wapi. Nilimuuliza jirani yangu wa mstarini, naye akasema yanaanzia pale tulipoonyeshwa. Siku moja wakati wa chai niliuliza kwa sauti kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwona twiga akinywa maji. Kukazuka ubishi. Mmoja alisema twiga hupiga magoti kama ng'ombe. Mwingine alisema hanywi maji kabisa, anakula majani mabichi yanamtosha. Mjomba, aliyewachonga twiga kabla wengi wetu hatujazaliwa, aliendelea kunywa chai yake. Baadaye aliniambia kando kwamba alishawahi kumwona mmoja, kwa mbali, kutoka kwenye treni ya Mombasa.

Mbuga ya wanyama iko ukingoni mwa Nairobi. Kutoka Shauri Moyo si safari. Lakini hakuna mtu wa Eastlands niliyemfahamu aliyekuwa amewahi kuingia. Ilikuwa mahali pa watu wenye magari. Nilimweleza mke wangu habari ya ule ubishi, akacheka mpaka akaweka chini mwiko.

"Mnachonga wanyama na hamjawaona?"

"Wewe umewaona?"

"Mimi siwachongi."

Yeye alikuwa katika chama cha akina mama kanisani, na kanisa lilikuwa na basi. Sijui alisemaje, lakini Jumamosi moja basi la kanisa lilisimama nje ya kibanda, limeandikwa mstari wa Biblia ubavuni, na wachongaji wakaingia wamevaa nguo za Jumapili. Wengine walikuja kwa kicheko. Mjomba alivaa kofia na kukaa mbele, nyuma ya dereva, akishika chuma kwa mikono miwili.

Swala tuliwakuta mapema. Walikuwa wengi, karibu na barabara, na hawakugeuza shingo nyuma. Walitutazama moja kwa moja, ngozi zao zikitetemeka kwa ajili ya nzi, kisha wakainama kula. Masikio yao yalikuwa marefu na membamba, yakizunguka kila upande. Nilikaa nikiyatazama mpaka dereva akaondoa basi. Swala wangu, wale walio kwenye kabati za watu duniani kote, wana masikio ya mbuzi. Ndiyo masikio niliyokuwa nayajua.

Twiga tulimkuta bwawani. Alikuwa peke yake. Alisimama kwanza, akatazama huku na huku kwa muda, kisha akaanza kuitanua miguu ya mbele, kidogo kidogo, kwa mirukio midogo, mpaka ikawa mbali kabisa, ndipo shingo ikashuka ikafika majini.

"Simamisha gari," mjomba alisema.

"Tumesimama, mzee," dereva alimjibu.

Twiga alikunywa, akajirusha juu kwa ghafla, akarudisha miguu pamoja. Mjomba alivua kofia.

"Kumbe shingo haifiki," alisema. "Ndefu namna ile, na haifiki chini."

Kifaru hatukumwona. Tulizunguka hadi saa za kufunga na hatukumwona hata mmoja. Mchongaji mmoja wa vifaru, mtu wa mzaha, alisema basi waliobaki ni wale wa kwake, wa mti. Watu walicheka, na yeye mwenyewe hakucheka sana.

Baada ya siku ile niliyarekebisha masikio. Dalali hakuona tofauti yoyote.

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine, kwamba siku moja ya kutazama ilikuwa imewafanyia wenzangu kazi ambayo mimi nilipelekwa mbali ili nifanyiwe. Nilitaka wapate mahali pa kukaa bila oda, na mke wangu ndiye aliyefikiria chumba. Nyuma ya ukumbi wa jamii pale mtaani kulikuwa na chumba kilichojaa viti vibovu. Mtunza ukumbi alikubali tukitumie Jumamosi alasiri ikiwa tutavitengeneza viti vyote. Tulivitengeneza. Baada ya hapo chumba kikawa chetu, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba usilete kitu ulichoagizwa.

Hawakuja wengi. Baadhi walikuja kulala, na niliwaacha, kwa kuwa nami nilikuwa nimeambiwa nilale. Mtu wa vifaru alichonga mwiko kwa ajili ya mkewe, akaufanyia kazi miezi mingi, mpini ukawa mwembamba kama kalamu, akaanza mwingine. Mjomba alikuja akiwa na gogo kubwa la muhugu, akaliweka mbele yake, akakaa. Jumamosi iliyofuata akakaa tena. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Mti unaniuliza nataka nini," alisema. "Sijazoea kuulizwa."

Alipoanza hakusimama. Alichonga twiga anayekunywa maji, miguu imetanuka, mabega yamepanda, shingo imeshuka kwa mstari ambao sikuwahi kuuona katika kazi ya mtu yeyote, hata yeye. Alikuwa mzee tayari, na mikono yake ilitetemeka akishika kikombe, lakini haikutetemeka akishika tezo. Alipomaliza hakumpaka polishi. Dalali alisikia habari zake akaja kumwona, akampenda kweli, akazunguka pande zote.

"Mzee, huyu haingii kwenye sanduku. Miguu itavunjika njiani. Ikunje kidogo ndani nimchukue."

"Akiikunja hatafika majini."

"Nani atajua?"

"Mimi nimemwona," mjomba alisema.

Mjomba alipostaafu na kurudi milimani alimbeba twiga yule kwenye kiti cha basi, akamlipia nauli kama mtu.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, mwalimu wa viatu vyeupe alinialika chuoni niwaambie wanafunzi wake faida ya kwenda kukaa katika nyumba kama ile ya nje. Msichana mmoja aliuliza kama sikuona kwamba nilichukuliwa na Wazungu nikaachishwa sanaa ya kwetu. Nilijibu vibaya. Nilisema chakula kilikuwa kizuri, watu wakacheka, tukaendelea. Lilikuwa swali zuri, na nimelifikiria tangu wakati ule. Nyumba ile haikunifundisha kuchonga, wala hapakuwa na mtu pale aliyejua kushika tezo. Ilinipa muda usio na mwenyewe, na mtu mmoja aliyeuliza swali kisha akaondoka. Sehemu ya kwanza ya muda huo niliipoteza kwa kuchonga kile nilichokuja nacho, ya pili kwa kukaa na aibu. Kama wangenialika kwa majuma machache tu, ningerudi na swala. Sidhani kwamba kila mtu lazima avuke bahari ili apate hilo. Mjomba alilipata nyuma ya ukumbi, kati ya viti. Ila mimi ndiye niliyekwenda, na nisingekwenda, pale kibandani hakuna ambaye angeuliza twiga anakunywaje maji.

Chumba cha ukumbi baadaye kilichukuliwa kuwa shule ya chekechea. Lilikuwa jambo la haki, watoto walikuwa wengi. Sasa nilichonga swala siku za katikati ya wiki, na mwisho wa wiki nilikaa nje ya mlango wangu wa Jericho nikichonga watu: kinyozi na mteja wake, mwanamke aliyebeba godoro kichwani, wazee wawili wanaocheza bao. Wanunuzi walikuwepo, si wengi. Padri alichukua mmoja, daktari wa zahanati akachukua mwingine akamweka mahali wagonjwa wanapongojea.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa namchonga mama wa karo kwa mara ya pili, mkubwa safari hii, kwa muhugu. Mke wangu alitoka ndani na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Huyo ni mimi."

"Ni mama anayefua."

"Ni mimi. Na mgongo wangu si mpana hivyo."

"Ni mpana."

Alikunywa chai ile mwenyewe, akimtazama.

"Basi mfunge kitambaa," alisema. "Siwezi kusimama mbele za watu kichwa wazi."

Nilichukua patasi nikaanza kutafuta kitambaa ndani ya nywele.